Siku Kumi kwa Njia ya Ambedkar: Kutoka Parel Hadi Nagpur

Bhimrao Ramji Ambedkar alikuwa na udaktari wa uchumi kutoka Columbia, New York, na mwingine wa London. Alikuwa wakili, mhariri wa magazeti, na baadaye mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India. Lakini kwa jirani wa tabaka la juu alibaki Mahar tu, mtu asiyeguswa, na mtungi akiushika yeye hakuna mwingine atakayeunywea. Njia iliyoelezwa hapa inafuata kampeni yake ndani ya jimbo la Maharashtra, na anayetaka kuielewa vizuri afuate maji: nani alikuwa na haki ya kuyateka, nani alimiminiwa kutoka juu, na nani alilala na kiu.

Ni kilomita kama 1,400 kwa boti, basi na treni. Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari. Juni hadi Septemba ni masika ya huko, na masika ya pwani ya Konkan si mchezo: boti ndogo husimama, barabara za milimani hufungwa kwa maporomoko, na mji wa Mahad wenyewe ulifunikwa na mafuriko Julai 2021.

Mambo matatu hukwamisha wageni wa kutoka kwetu. La kwanza ni kadi ya homa ya manjano: anayetoka Kenya, Uganda au Kongo achanje angalau siku 10 kabla ya kutua, la sivyo anaweza kuwekwa karantini. La pili ni tiketi za treni. Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na mfumo wa mtandaoni hausumbuki na namba za simu za India lakini za nje huzikorofisha kwa zile namba za siri za uthibitisho. Njia rahisi ni dirisha la wageni kwenye stesheni kubwa za Mumbai, ukiwa na pasipoti mkononi. La tatu ni ulimi: usimuulize mtu jina la ukoo kama kianzio cha maongezi. Huko, kuuliza jina la ukoo mara nyingi ni kuuliza tabaka, na mwenyeji ataelewa hivyo hata kama hukukusudia.

Siku ya 1: Mumbai

Anza Parel, si Dadar. Wengi hukimbilia ufukweni kwenye kuba jeupe la ukumbusho wake, ilhali kazi ilifanyikia kwenye vyumba namba 50 na 51 vya jengo la kwanza la BIT Chawl. Hayo ndiyo yaliyokuwa makazi ya Ambedkar kuanzia 1912 hadi 1934, ukiondoa miaka ya masomo ng'ambo. Ni nyumba ya wapangaji wa kima cha chini: korido ndefu ya wazi, milango imepangana, kamba za nguo, ndoo nje ya kila mlango. Aliyewahi kupanga chumba Magomeni au Majengo hataona geni. Watu bado wanaishi humo, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa, na usiende alfajiri wakati foleni ya choo na ya maji ndiyo imepamba moto.

Kutoka mtaa huu ndiko alikoanzisha gazeti lake la kwanza, Mooknayak, maana yake kiongozi wa wasio na sauti. Toleo la kwanza ni la 31 Januari 1920. Mtaji ulikuwa rupia 2,500 alizopewa na Shahu, mtawala wa Kolhapur. Gazeti moja kubwa la Kimarathi la siku zile lilikataa hata tangazo lake la kulipiwa. Ofisi ya chama alichokiunda 1924, cha ustawi wa waliotengwa, nayo ilikuwa Parel hapo hapo, kwenye ukumbi wa Damodar.

Mchana panda treni ya mjini hadi Dadar. Epuka saa 2 hadi 5 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, maana mtu mwenye begi mgongoni saa hizo hashuki anapotaka, hushuka pale umati unapomtemea. Rajgruha, nyumba aliyoijenga kwa ajili ya vitabu vyake, iko upande wa mashariki wa stesheni, Hindu Colony. Chaitya Bhoomi, alipochomwa mwili wake 7 Desemba 1956, iko magharibi, kandokando ya bahari, nusu saa kwa miguu. Daraja la kuvukia reli hapo katikati ndilo linalokula muda kuliko umbali wenyewe.

Tarehe 6 Desemba, siku ya kufariki kwake, malaki ya watu huja na kulala uwanja wa Shivaji Park ulio jirani. Matangi ya maji hupangwa barabarani, na meza za vitabu hujaa uwanja. Ndiyo, vitabu: umati unaokuja kuomboleza huondoka umebeba karatasi. Serikali ya jimbo huchapa maandishi na hotuba zake kwa juzuu nene zenye jalada gumu, bei rahisi sana. Usinunue leo. Juzuu nne tu zinatosha kukuvunja bega kwa siku tisa zilizobaki, na Nagpur zipo.

Siku ya 2: Mumbai hadi Murud

Boti za abiria huondoka Gateway of India kwenda Mandwa, kama saa moja, na kampuni nyingi huunganisha tiketi na basi la Alibag. Mwenye gari hupanda pantoni kubwa kutoka Ferry Wharf. Alibag hadi Murud ni kilomita kama 50 za minazi na madaraja membamba, saa mbili ukipata basi la kusimamasimama.

Murud haimo kwenye historia ya Ambedkar. Imo kwenye yetu. Ngome ya Janjira, iliyosimama baharini mbele ya kijiji cha Rajapuri, ilishikwa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika, Wahabeshi kama walivyoitwa, na dola yao ndogo iliendelea mpaka ilipounganishwa na India 1948. Hata jina halihitaji mkalimani kwa Mswahili: Janjira ni jazira iliyopindishwa na ulimi wa Kimarathi. Jeshi la Shivaji, mfalme wa Wamaratha, lilijaribu kuitwaa likashindwa, la mwanawe Sambhaji likashindwa pia. Ingia ndani uone sababu moja: mabwawa ya maji matamu katikati ya mwamba uliozungukwa na chumvi. Aliyezingirwa humo hakufa kwa kiu.

Jahazi la tanga la kwenda ngomeni huondoka likijaa, halina ratiba. Fika mapema, kwa sababu bahari ikichafuka mchana nahodha hafungui kamba, na ukivuka hupewa muda mfupi tu wa kuzunguka kabla ya kurudishwa.

Siku ya 3: Murud hadi Mahad

Kuna pantoni ya kuvuka mdomo wa bahari kutoka Agardanda hadi Dighi. Baada ya hapo ni mabasi ya serikali, yanayoitwa ST, kupitia Mhasla hadi Mangaon kwenye barabara kuu ya Mumbai–Goa, na kutoka Mangaon kwenda kusini hadi Mahad ni kilomita kama 30. Upanuzi wa barabara hiyo umechukua zaidi ya muongo, na vipande vyenye mashimo hubadilika kila mwaka. Hesabu siku nzima. Anayetaka kwenda moja kwa moja kutoka Mumbai atumie reli ya Konkan hadi stesheni ya Veer, karibu na Mahad, ila treni chache husimama hapo.

Kabla ya kufika Mahad, shuka Dasgaon. Ni kijiji kando ya mto Savitri, na wapita njia hawakigeuzii shingo. Hapa ndipo paliposhushwa watu 25 Desemba 1927, saa sita na nusu mchana. Ambedkar na wajumbe kama 200 walikuwa wameondoka Mumbai jana yake kwa meli iitwayo Padmavati, wakashuka na pwani na kuingia mtoni. Njia fupi ilikuwa kuvuka hadi Dharamtar na kupanda mabasi. Haikutumika kwa sababu ilihofiwa wenye mabasi wangekataa kuwabeba. Meli haina mwenye basi wa kukugomea njiani. Gatini walipokewa na maelfu waliowatangulia, wakapiga mguu maili tano zilizobaki.

Ukitembea kipande hicho leo, kilomita kama 8, anza saa 12 asubuhi, kaa upande unaotazamana na magari, na ubebe lita 2 za maji kwa kila mtu. Malori hayana huruma. Tazama pia daraja la Savitri karibu na Mahad: la zamani lilichukuliwa na mafuriko usiku wa 2 Agosti 2016 pamoja na mabasi, jipya likajengwa kwa siku 165.

Tahadhari ya lugha: Mahad ni mji, Mahar ni tabaka. Ukikosea herufi hiyo moja mbele ya watu, hutaeleweka unauliza njia au unauliza nini.

Siku ya 4: Mahad

Siku hii usiikatekate. Bwawa lenyewe, Chavdar Tale, liko katikati ya mji, na jina lake kwa Kimarathi lina maana ya tamu, yenye ladha. Ni bwawa la mraba lenye kingo za mawe na ngazi, sanamu ya Ambedkar, na nyumba pande zote. Kwa macho tu ni dogo kuliko sifa zake. Wageni hushuka ngazi, huchota kwa kiganja na kugusa paji la uso. Inatosha. Ni bwawa la wazi la mjini, na kuyanywa maji yake bila kuchemsha ni kutafuta kuhara kabla ya siku mbili za milima.

Watu wengi husimulia habari ya Mahad kana kwamba Ambedkar alivunja sheria. Kinyume chake, sheria ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Agosti 1923 baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio la mjumbe S. K. Bole kwamba maji ya umma yafunguliwe kwa wote. Januari 1924 manispaa ya Mahad ikaazimia hivyo hivyo kuhusu bwawa hili. Miaka mitatu ikapita na hakuna Mahar aliyetia mguu. Waislamu waliteka, mifugo ilikunywa, karatasi ya manispaa ikakaa kwenye jalada.

Kwa hiyo mkutano wa 19 na 20 Machi 1927 uliandaliwa, na vijana wa huko huko kama R. B. More ndio waliozunguka vijijini kuwaita watu. Walikuja kati ya 2,500 na 3,000. Angalia hesabu moja ndogo: maji ya kunywa ya mkutano ilibidi yanunuliwe kwa watu wa tabaka za juu, kwa rupia 40, kwa kuwa wajumbe hawakuruhusiwa kuyateka wenyewe. Wamekaa mwendo wa dakika chache kutoka bwawa la umma, wananunua maji. Asubuhi ya pili wakapanga mistari, wakatembea hadi bwawani, Ambedkar akashuka, akachota, akanywa. Wengine wakafuata.

Kilichoharibika kilitokea baada ya kama saa mbili. Ulienezwa uvumi kwamba sasa wanakwenda kuingia hekalu la Vireshwar. Kundi lenye fimbo likawavamia wajumbe waliokuwa wakila au wakifunga mizigo, wakajeruhiwa vibaya kama 20. Baadhi yao waliokolewa na kujificha kwenye nyumba za Waislamu. Ambedkar akawakataza watu wake kulipiza, ingawa kwa idadi waliweza. Kisha bwawa likatakaswa: mitungi 108 yenye mchanganyiko wa maziwa, maziwa ya mgando, kinyesi na mkojo wa ng'ombe ikamiminwa ndani, makuhani wakasoma sala zao, maji yakatangazwa kuwa safi tena. Yeyote mwenye pua na ajue mwenyewe.

Safari ya Desemba iliandaliwa kwa mafunzo hayo. Meli badala ya basi. Uwanja wa mkutano: Mhindu yeyote hakutaka kukodisha kiwanja, akapatikana Mwislamu aitwaye Fattekhan. Lakini upande wa pili nao ulijifunza. Tarehe 12 Desemba walifungua kesi wakidai bwawa ni mali ya watu binafsi, na tarehe 14 mahakama ya Mahad ikatoa zuio la muda. Hapo kampeni ikabanwa: kunywa maji sasa kungekuwa kuidharau mahakama, na serikali ambayo mpaka hapo haikuwa adui ingekuwa adui.

Nenda sasa Krantistambh, mnara ulipokuwa uwanja huo. Usiku wa 25 Desemba, saa tatu, kilichimbwa kishimo cha kina cha inchi 6 na upana wa futi moja na nusu kila upande, kikajazwa vipande vya msandali. Azimio la kuichoma Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria kinachozipanga tabaka, lilitolewa na Gangadhar Sahasrabuddhe, Mbrahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa, kwa kuzaliwa. Nakala ikatiwa humo. Wasomaji wetu wengi hudhani ilikuwa hasira ya ghafla. Shimo lilipimwa, kuni zilichaguliwa, mabango yalisimamishwa pembeni: hasira ya ghafla haiji na futi kamba.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za mabishano. Zaidi ya watu 3,000 walikwishaandikisha majina kwenda bwawani, zuio au hakuna zuio, na mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe kuwasihi. Ambedkar akaamua kusubiri mahakama, na hapo ndipo alipokaribia kuwapoteza watu wake kuliko siku ya fimbo. Waliandamana kulizunguka bwawa bila kuyagusa maji. Kwa wanawake waliokuja alizungumza kando: vueni mapambo mazito yanayowatambulisha kwa tabaka, fungeni sari hadi kwenye vifundo kama wengine. Mtu asiyejua huko anaweza kuona ni mambo ya nguo tu. Urefu wa sari ulikuwa kitambulisho, umbali wa hatua mia ulitosha kukujulisha nani anakuja.

Kesi ilikwisha 17 Machi 1937, Mahakama Kuu ya Bombay, walalamikaji wakashindwa kuthibitisha kwamba desturi yao ilikuwepo tangu zamani zisizokumbukwa. Miaka tisa na zaidi kwa ngazi chache za mawe. Kisha soma ibara ya 15 ya katiba iliyoanza kutumika 26 Januari 1950: inataja kwa majina visima, mabwawa, sehemu za kuogea na barabara. Ibara ya 17 ndiyo inayofuta utengwa wa wasioguswa, na ndiyo maarufu, ila harufu ya Mahad iko kwenye ya 15.

Siku ya 5: Mahad hadi Satara

Kilomita zaidi ya 100 kupitia Poladpur na Mahabaleshwar. Mlima wa Ambenali una kona za kukunja tumbo, kula kidogo. Wakati wa mvua uliza stendi kabla ya kupakia, maana barabara hii hufungwa bila taarifa. Lala Satara.

Siku ya 6: Satara na Masur

Tarehe 7 Novemba 1900 mtoto Bhimrao Ambedkar aliandikishwa shule Satara, na jimbo zima sasa huadhimisha siku hiyo kuwa siku ya wanafunzi. Darasani alikalia gunia lake alilokuja nalo kutoka nyumbani. Akiwa na kiu hakugusa bomba: tarishi wa shule alimfungulia, na siku tarishi hayupo, maji hayapo.

Stesheni ya Satara iko nje ya mji, chukua bajaji. Treni za kusimama Masur ni chache kwa siku, kwa hiyo andika muda wa kurudi kabla ya kuondoka. Kwenye stesheni yenyewe hakuna kibao wala sanamu ya kukuvuta. Jukwaa, kivuli, reli kwenda Miraj.

Mwaka 1901 watoto wanne walishuka hapa jioni, Bhimrao akiwa na miaka kama tisa, wakimfuata baba aliyekuwa karani wa fedha kwenye kazi za kuchimba bwawa kwa ajili ya walioathirika na njaa. Walivalia vizuri, viatu vipya. Mkuu wa stesheni akawa mpole mpaka alipouliza tabaka lao, akabadilika uso ghafla, akaenda zake chumbani kwake. Wenye mikokoteni wakakataa nauli yao. Mmoja akakubali kwa sharti: nauli mara mbili, watoto waendeshe ng'ombe wenyewe, yeye atembee kwa miguu pembeni asichafuke. Chakula walikuwa nacho kingi. Maji hawakupata usiku kucha. Kwenye kibanda cha mtoza ushuru walijaribu kujifanya Waislamu, wakajibiwa kwamba hakuna aliyewawekea maji. Watoto wa mtu anayesimamia hesabu za bwawa.

Jioni panda treni kwenda Pune.

Siku ya 7: Pune

Kosa la kwanza la kila mgeni ni jina Koregaon. Kuna Koregaon ya wilaya ya Satara, kuna Koregaon Park ya mikahawa mjini Pune, na kuna Koregaon Bhima, kilomita kama 30 kaskazini-mashariki. Unayoitaka ni ya tatu. Mnara wa mawe hapo ni wa vita vya 1 Januari 1818, askari wa kampuni ya Kiingereza ya East India dhidi ya jeshi la Peshwa, mtawala wa Pune, na kati ya majina yaliyochongwa, 22 yanaishia na nak, alama ya Mahar. Ambedkar alikuja 1 Januari 1927, wiki kumi na moja kabla ya Mahad. Ukija tarehe hiyo leo, jua kwamba tangu ghasia za 2018 polisi hugeuza magari mbali na umati husafirishwa kwa mabasi maalumu. Siku nyingine yoyote utakuwa peke yako na upepo.

Kosa la pili ni Aga Khan Palace. Gandhi alifungwa humo baadaye, 1942 hadi 1944. Mkataba wa Poona (jina la zamani la Pune) kati yake na Ambedkar ulifanyika gereza la Yerwada, ambalo bado ni gereza na mgeni haingii bila kibali. Gandhi alianza kufunga kula 20 Septemba 1932 kupinga wasioguswa kupewa uchaguzi wao peke yao. Tarehe 24 Ambedkar akatia sahihi: viti vya mabaraza ya majimbo vikapanda kutoka 71 hadi 148, lakini wapiga kura wote wachague pamoja. Kwa hesabu alipata zaidi ya maradufu. Mwenyewe hakuacha kulalamika kwamba mbunge anayetegemea kura za wakubwa hawezi kuwatukana wakubwa, na ukiangalia siasa za viti maalumu popote, ana hoja.

Malizia Phule Wada, Ganj Peth, nyumba ya Jotirao na Savitribai Phule waliofungua shule ya wasichana mjini hapa 1848. Mwaka 1868 waliwafungulia wasioguswa tangi la maji la nyumba yao. Hapakuwa na azimio la manispaa, palikuwa na mwenye nyumba tu.

Siku ya 8: Nashik

Basi la asubuhi, kilomita 210, saa tano au sita. Hekalu la Kalaram, Panchavati, limejengwa kwa mawe meusi na lina milango pande nne, na milango hiyo ndiyo mpango mzima wa kampeni ya hapa. Tarehe 2 Machi 1930 walikusanyika watu kama 15,000 wakaandamana, wakakuta malango yamefungwa. Kesho yake wakawekwa walinda zamu, wanaume 125 na wanawake 25, wakagawanywa malangoni. Mwenye hekalu hawezi kumfungulia mwenzake bila kuwafungulia wao, basi likabaki limefungwa kwa wote wiki nyingi. Siku ya maandamano ya gari la mungu Rama, 9 Aprili, palikuwa na makubaliano ya kulivuta gari hilo la sanamu pamoja. Yakavunjwa, mawe yakarushwa. Bhaurao Gaikwad wa Nashik aliendelea kuisimamia kwa miaka, mpaka Ambedkar alipomwandikia Machi 1934 aachane nayo: nguvu ziende kwenye elimu na siasa.

Mwezi ule ule wa Machi 1930 Gandhi alianza matembezi yake ya chumvi, na magazeti ya dunia yalikwenda huko.

Vua viatu, panga foleni, ingia. Leo mlango uko wazi kwa kila mtu.

Siku ya 9: Yeola na treni ya usiku

Yeola, mji wa wafumaji wa sari za Paithani, ni kilomita zaidi ya 80 kutoka Nashik. Hapa, 13 Oktoba 1935, Ambedkar alitangaza kwamba kuzaliwa Mhindu hakukuwa hiari yake, lakini hatakufa akiwa Mhindu. (Kiswahili chetu kinabana hapa: Mhindu ni wa dini, Mhindi ni wa nchi. Uhindi hakuuacha.) Desemba mwaka huo chama cha warekebishaji wa Lahore kilimwalika kuhutubia mwaka uliofuata, kikasoma hotuba kabla, kikaomba sehemu ziondolewe. Akakataa, mkutano ukafutwa, naye akaichapa kwa fedha zake, nakala 1,500, zikaisha ndani ya miezi miwili.

Manmad, makutano makubwa ya reli, iko karibu. Kata kitanda cha daraja la tatu lenye kiyoyozi. Ni usiku mzima hadi Nagpur.

Siku ya 10: Nagpur

Deekshabhoomi, uwanja wa kuapishwa, 14 Oktoba 1956. Mtawa mkongwe U Chandramani, mzaliwa wa Burma, alimpokea Ambedkar na mkewe katika Ubuddha, kisha Ambedkar mwenyewe akawageukia waliohudhuria, laki kadhaa, akawaapisha kwa viapo 22. Kuba la sasa lilifunguliwa Desemba 2001. Ndani ni tupu, sauti inazunguka, kwa hiyo nong'ona.

Utata wa tarehe: 1956 siku hiyo iliangukia sikukuu ya Vijayadashami, ambayo hufuata mwezi. Kwa hiyo kila mwaka kuna 14 Oktoba na kuna Vijayadashami, na umati mkubwa ni wa Vijayadashami. Salamu ni "Jai Bhim", nayo hujibiwa hivyo hivyo.

Sasa nunua vitabu. Kama mizigo imejaa, posta hupokea vifurushi vya vitabu. Fundi wa nje hushona kitambaa juu ya boksi, andika anwani kwa wino usiofutika, acha fomu ya forodha bila gundi mpaka karani aione. Anayerudi Mumbai asijaribu treni za 3 hadi 5 Desemba. Ambedkar alifariki Delhi wiki saba baada ya viapo, mwili ukaletwa Dadar kwa ndege, na mabehewa ya siku hizo bado hujaa watu wanaokwenda huko.